Pesa ya korosho imeingia, nimpeleke wapi Somoe?

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mkulima wa korosho na muhogo, kijiji kimoja cha wilaya ya Newala, Mtwara. Nina mtoto mmoja tu, wa kike, ana miaka 3 na miezi 2. Hapa nimwite Somoe.

Alizaliwa kwa shida. Uchungu ulimwanza mama yake jioni, tukafika zahanati usiku kwa bodaboda, na mpaka anahamishiwa hospitali kulikuwa kumeshakucha. Mtoto alipotoka hakulia. Walimhangaikia, wakamwekea oksijeni, tukakaa siku 9. Tulirudi nyumbani tukimshukuru Mungu kuwa yu hai. Alipofika miezi 6 shingo haikuwa imekaza, wazee wakatuambia watoto wengine huchelewa. Mwaka ukapita hajakaa. Tukampeleka hospitali, daktari akasema ni mtindio wa ubongo, akatuandikia mazoezi.

Hapo ndipo nilipovunjika moyo, maana nilitegemea dawa. Tulikwenda mara 4. Kila safari tunaondoka alfajiri, nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha njiani, foleni. Halafu mtaalamu anamlaza mtoto kwenye godoro, anamnyoosha miguu na mikono kama dakika 20, anasema "mkaendelee nyumbani", basi. Mama yake akajaribu kumnyoosha nyumbani, mtoto analia, bibi yake anasema unamtesa. Palizi ilipoanza tukaacha.

Sasa hali yake ni hii. Hakai bila kushikwa. Ukimsimamisha, miguu inapishana kama mkasi na anasimamia vidole. Mikono kaikunja ngumi, dole gumba ndani. Hasemi, ila anacheka, na mlio wa baiskeli yangu anaujua: nikifika tu kona ya mwembe anapiga kelele kabla hata mbwa hajabweka. Uji ananyweshwa akiwa amelala mapajani mwa mama yake, na anapaliwa mno. Mwaka huu kalazwa kwa nimonia mara 2. Degedege humpata mara 2 au 3 kwa mwezi, bila homa. Tulipewa vidonge, vilipoisha hatukurudi kuchukua vingine.

Kuna mzigo mwingine. Mjomba wa mke wangu, ambaye kwetu neno lake ni zito, anataka mtoto avushwe mto Ruvuma apelekwe kwa fundi mmoja anayesifika kwa uganga. Anasema mke wangu alivunja mwiko alipokuwa mjamzito. Na siku za mnada alikuja kijana mmoja, anasema Dar es Salaam kuna mahali wanachoma sindano za kuamsha ubongo, sindano 6 kwa shilingi 1,800,000, na mtoto anatembea ndani ya miezi 3. Pesa ya korosho ya mnada wa pili imeshaingia benki. Ninayo. Sijawahi kuwa nayo kwa mkupuo hivi.

Mke wangu hataki fundi wala sindano. Anasema nimtengenezee mtoto kiti. Nilimjibu vibaya, nikamwambia, kwani kiti ndicho kitamponya? Hajanijibu mpaka leo. Mgongo unamuuma wiki ya pili sasa, na bado anachota maji na mtoto mgongoni.

Niseme na hili, maana sijamwambia mtu. Tangu Somoe atimize miaka 2 sijambeba nikatoka naye nje. Watu wanauliza.

Maswali yangu ni haya. Mazoezi ni tiba kweli au wanatutuliza tu? Somoe atatembea lini? Na hii pesa niipeleke wapi?

Baba Somoe, Newala

*

Marahaba, Baba Somoe.

Kazi yangu ilikuwa mazoezi tiba, na miaka mingi niliifanyia huko huko Kusini. Akina mama waliokuja na watoto wa namna hii siwezi kuwahesabu. Akina baba ninawakumbuka mmoja mmoja. Kwa hiyo barua yako nimeisoma mara 2, na nakujibu kwa kirefu.

Kabla ya maswali yako, kuna mambo 2 umeyapitia kama habari tu, nayo ndiyo ya haraka kuliko yote: degedege na kupaliwa.

Degedege lisilo na homa, linalojirudia kila mwezi, kwa maelezo yako linafanana na kifafa. Kwa watoto wenye mtindio wa ubongo si jambo la ajabu, takribani mtoto 1 kati ya 4 anacho. Kifafa kina dawa, na dawa hiyo hainywewi mpaka chupa iishe kama ya kikohozi. Hunywewa kila siku, na ikikatwa ghafla degedege huweza kurudi kwa nguvu zaidi. Mpeleke hospitali ya wilaya wiki hii, usisubiri mnada wa tatu. Likimpata tena kabla hamjaondoka, mwombe mtu arekodi kwa simu, daktari akiona kwa macho yake ataamua vizuri zaidi ya kusimuliwa. Wakati linaendelea mlaze ubavu, legeza nguo shingoni, msimkandamize, wala msimtie kijiko au kidole mdomoni. Likipita dakika 5 halijakata, au likakata na kurudi kabla hajazinduka, hiyo ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni usiku.

Kupaliwa nako nataka ukuone kwa jicho jingine. Mtoto aliyelazwa chali, shingo imening'inia nyuma ya paja, njia yake ya hewa iko wazi kabisa. Uji mwepesi unakwenda mbio kuliko anavyoweza kumeza, na sehemu yake inaingia mapafuni. Akishapaliwa hivyo siku baada ya siku, kifua kinaugua. Nimonia 2 za mwaka huu, kwa jinsi ulivyozieleza, huenda zimetoka kwenye kijiko.

Kuanzia kesho mkalisheni wima. Mmoja wenu akae kwenye kigoda, Somoe akae juu ya paja, makalio yameingia ndani kabisa tumboni kwako, nyonga na magoti yamekunjwa, kichwa kimesimama na kidevu kimeinama kidogo kuelekea kifuani. Hicho kidevu ndicho cha kuchunga. Kikiinuka juu, simama, usimpe. Uji uwe mzito, ule ambao ukiinamisha kijiko unashuka polepole. Kijiko kiwe kidogo, kije kutoka mbele na chini, si kutoka juu, maana mtoto hufuata kijiko kwa macho na kichwa kikafuata. Mguse ulimi kwa kijiko, subiri afumbe midomo mwenyewe, usikwangulie chakula kwenye meno ya juu. Ameze, ndipo kingine. Mlo unaweza kuchukua dakika 40, na ndiyo maana nasema ni kazi ya watu 2, mama peke yake hawezi kila siku mara 4. Akimaliza abaki wima nusu saa. Na mwongezeeni nguvu ndani ya huo uji mchache anaoumeza: mafuta kijiko kimoja, karanga au korosho zilizobanguliwa, zikakaangwa, zikasagwa laini kabisa. Punje nzima asipewe. Mkiona hata kwa namna hii bado anakohoa kila kijiko, au sauti yake inakuwa kama ya mtu mwenye maji kooni, mwambieni mtaalamu hospitali amwangalie akila, mbele ya macho yake.

Nimekawia hapo kwa makusudi, kwa sababu ndimo lilimo jibu la swali lako la kwanza. Hicho nilichokueleza sasa hivi ni tiba. Hakuna godoro, hakuna chumba cha hospitali, na ni tiba kuliko zile dakika 20 mlizozifuata alfajiri.

Yule mtaalamu aliposema "mkaendelee nyumbani" alisema kweli, lakini alisema nusu, na nasikitika kwamba hakuna aliyewakalisha akawaeleza nusu iliyobaki. Mtindio ni jeraha la ubongo lililokwisha kutokea. Ubongo wa Somoe ulikosa hewa siku ile alipochelewa kulia, na sehemu inayoamuru misuli ikaumia. Jeraha lenyewe halikui. Kinachobadilika ni mwili: mifupa inarefuka, misuli iliyokaza hairefuki nayo sawasawa, viungo vinakunjamana. Ubongo mchanga, nao, hujifunza njia mpya kwa kurudiarudia jambo ambalo mwenyewe analitaka. Kumnyoosha mtu ambaye yeye hafanyi chochote, huku analia, kunasaidia kidogo sana. Tafiti za miaka ya karibuni zimelisisitiza hilo, nasi tuliofundishwa kunyoosha tumebidi kubadilika. Mkono anaounyoosha mwenyewe mara 10 kulifuata bibo jekundu, lile tunda la mkorosho, unamfaa kuliko mkono alionyooshewa mara 100.

Kwa hiyo bibi yake hakukosea kulisikia kile kilio. Acheni kumvuta. Mtieni katika shughuli za siku.

Nikuonyeshe moja. Msimu huu mnashinda mikoroshoni. Chini ya mti, penye kivuli, chimba shimo dogo la kumtosha makalio, kina chake kimfikie kiunoni au chini kidogo ya kwapa, kutegemea anavyoyumba. Angalia kwanza hakuna siafu. Tandika kitenge, mkalishe humo magoti yamekunjwa, katikati ya mapaja weka khanga iliyoviringishwa ili miguu isipishane. Mchanga unamshika pande zote, mikono inakuwa huru. Mbele yake weka bibo moja na kifuu kimoja cha nazi, mbali kidogo na pale anapofika. Halafu nyamaza, usimpe. Hesabu moyoni mpaka 20. Wazazi wengi hesabu hiyo inawashinda, wanasukuma kitu mkononi mwa mtoto kwa huruma. Ubongo wake unahitaji huo muda kutuma amri, amri ipotee njiani, itumwe tena. Siku ya kwanza labda atatazama tu. Kutazama ni kazi. Siku nyingine bega litasogea. Korosho ghafi yenyewe usimwachie, akiifikisha mdomoni akaibana kwa meno, mafuta ya ganda yanaunguza, wewe unayajua mwenyewe kwenye vidole vyako.

Na hapo hapo kwenye shimo ndipo anapojifunza kusema. Umeandika kwamba hasemi, kisha ukaandika kwamba anakuita kabla mbwa hajabweka. Baba Somoe, huyo anasema. Anausikia mlio, anaukumbuka, anajua nani anakuja, anataka ajulikane kwamba amejua. Watoto wengi wenye mtindio akili yao iko timamu, imefungiwa ndani ya misuli isiyotii. Mwinulie bibo mkono mmoja, kikombe cha maji mkono wa pili, muulize, "Unataka kipi?" Macho yakienda kwenye kikombe, sema "maji", mpe maji. Hata ukihisi amebahatisha, mpe. Akishagundua kwamba macho yake yanaamua jambo, atayatumia. Baadaye mtaongeza picha, mtakubaliana namna ya "ndiyo" na "hapana". Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache mno nchini mwetu, na kusubiri mumpate mmoja ndipo mwanze ni kumnyima mtoto miaka. Masikio na macho tu ndiyo yapimwe hospitali, maana shida ya kusikia au kuona huweza kuandamana na mtindio.

Sasa kiti. Mke wako ana haki, na nadhani unalijua hilo, ndiyo maana umeniandikia. Kiti hakitamponya. Kitamfanya ale bila kupaliwa, aone uso wa mtu badala ya kuona kenchi za paa, atumie mikono, na mgongo wa mama yake upumzike. Kuna tawi zima la taaluma, linaitwa tiba kwa vitendo, linalofundishwa hospitali ya KCMC kule Moshi, ambalo kazi yake ni hii: mtoto ale, aoge, avae, acheze, kwa kupanga mazingira yake. Mke wako hajasoma Moshi, lakini amefika hapo hapo kwa kumwangalia mwanawe. Mwombe radhi. Seremala wa hapo kwenu anakiweza, na hata maboksi magumu yaliyobandikwa tabaka kwa tabaka kwa gundi ya unga na kukaushwa juani siku kadhaa hutoa kiti kinachobeba mtoto, ilimradi kilindwe na mvua na mchwa.

Swali la kutembea nilitaka kulikwepa, nikaona si haki.

Sisi tunaofanya kazi hii huangalia mtoto anakaa lini. Anayekaa mwenyewe bila kushikwa kabla ya kutimiza miaka 2 ana nafasi nzuri ya kutembea. Kadiri umri unavyosogea bila kukaa, nafasi hiyo inapungua sana. Somoe ana miaka 3 na ushee na hakai. Sijamwona, sijamshika nyonga, wala siwezi kukutajia mwisho wake. Lakini uwezekano mkubwa ni kwamba hatatembea peke yake kama unavyowaza. Pengine atasimama kwa kushikiliwa na kisimamio, pengine atakwenda kwa kiti cha magurudumu. Ninajua nimekuandikia jambo zito. Nimeliandika kwa sababu nimeona nyumba zilizokaa miaka 10 zikisubiri miguu, na katika kusubiri huko hakuna aliyemfundisha mtoto kuchagua kikombe, hakuna aliyempeleka shule.

Na ndiyo maana yule kijana wa mnada ananikera hadi mkono unatetemeka. Hakuna sindano ya kuamsha ubongo. Sehemu ya ubongo iliyokufa kwa kukosa hewa haifufuliwi kwa sindano 6 wala 60. Ipo sindano moja ya kweli, watu huiita botoksi, hulegeza msuli uliokaza kwa muda wa kama miezi 3 kisha nguvu yake inaisha. Huchomwa na daktari bingwa baada ya kumpima mtoto, kwenye msuli fulani kwa lengo fulani, na bila mazoezi haina maana. Anayekutajia tarehe ya mtoto kutembea bila hata kumgusa, amekuja kwa sababu amejua siku ambayo pesa zinaingia benki.

Kwa fundi ng'ambo ya Ruvuma vilevile usimpeleke. Kuna dawa za kunyweshwa mtoto ambaye hata uji unampalia, kuna siku nyingi za kukosa dawa ya kifafa, na kuna lile neno la mwiko ambalo mke wako atalibeba maisha yake yote. Mwiko hakuvunja. Uchungu ulikuwa mrefu na hospitali ilikuwa mbali. Na kama anaogopa kubeba mimba nyingine, mwambie mtindio uliotokana na kukosa hewa hauambukizi na si wa kurithi. Ajapo kujaliwa tena, aanze kliniki mapema, aeleze yaliyompata, na ahamie karibu na hospitali kabla uchungu haujaanza.

Lakini mjomba usimpuuze. Kwa mila zenu huyo ni mwenye watoto, na ukimpita atakwenda kusema pembeni. Mwambie, "Mjomba, tusindikize hospitali." Akae mle ndani, amsikie daktari mwenyewe akieleza kwa nini mtoto asiyelia anapozaliwa huumia ubongo. Nimewahi kumwona mzee mmoja aliyeingia na hasira namna hiyo, akatoka akiuliza kwa nini hakuna wa kufundisha haya mambo kijijini. Yeye ndiye aliyekuja kuwanyamazisha ndugu wengine. Mjomba akiwa upande wenu mna ukuta.

Safari za hospitali mzirudie, ila kwa mtindo mwingine. Sera ya nchi inasema mtoto chini ya miaka 5 asilipie matibabu kwenye vituo vya serikali, kwa hiyo gharama yenu kubwa ni nauli. Hamna haja ya kwenda kila wiki. Ombeni barua ya rufaa mwende hospitali ya Ligula pale Mtwara mjini, muulizie kitengo cha fiziotherapia na utengamao, yaani mazoezi tiba. Ingieni na jambo moja mnalolitaka, kwa mfano, "tunataka akae kitini dakika 15 akila." Mwambieni mtaalamu awafundishe ninyi, mikono yenu ifanye, yeye arekebishe, na mwingine arekodi kwa simu. Rudini baada ya miezi 2 au 3 na jambo jipya. Mkielekezwa hospitali ya CCBRT Dar es Salaam kwa ajili ya splinti za nyayo, vile vifaa vya kushikilia mguu ukae sawa, au upasuaji, hapo ndipo pesa ya korosho iende Dar es Salaam.

Safari hiyo ya kwanza msirudi bila picha ya eksirei ya nyonga. Miguu inayopishana kama mkasi huvuta mfupa wa paja utoke kwenye tundu lake kidogo kidogo, na hilo huwapata takribani mtoto 1 kati ya 3 wenye mtindio. Mwanzoni haliumi. Likishaanza kuuma, kumbadilisha nguo tu ni kilio. Kwa hiyo msimsimamishe kwa kumshika makwapa ili "azoee", anasimamia vidole na miguu inazidi kukaza, na kile kigari cha kutembelea watoto msinunue. Kisimamio cha mbao kinafaa, ila baada ya nyonga kuonekana na mtaalamu kukipima. Mgongoni abebwe huku mapaja yamepanuka kiunoni mwa mbebaji, hilo ni zuri. Ila abebwe na mwenye mgongo mzima, na kwenda kuchota maji asiende naye.

Mwenye mgongo mzima humo ndani ni wewe. Kule kutombeba nje muda huu wote sitakulaumu, ulikuwa unaogopa maswali na hukuwa na majibu. Sasa unayo. Anayeuliza mwambie, "Alichelewa kulia akizaliwa, ubongo ukaumia, tunamfundisha." Anza na safari fupi, mpaka kwenye ule mwembe. Kaa naye hapo jioni, amekukalia paja moja kama anayepanda punda, miguu huku na huku, mapaja yamepanuka. Mchezeshe goti polepole kushoto na kulia mpaka usikie miguu inalegea. Piga kengele ya baiskeli, nyamaza, subiri aitikie, piga tena. Na mfike ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri mumwandikishe, ili jina lake liwepo kinapokuja kiti cha magurudumu na atakapofika umri wa shule. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya elimu kama mtoto mwingine.

Pesa basi: dawa ya kifafa isikatike, nauli na eksirei, kiti, msaidizi wa kuchota maji mpaka mgongo wa mkeo upone. Itakayobaki weka benki, watoto hawa hukua na viti vyao hubadilika.

Kwa seremala nenda na vipimo vyake mwenyewe, asikadirie. Somoe akae kwenye benchi, mgongo umegusa ukuta, mama yake amemshika. Pima kutoka ukutani mpaka nyuma ya goti, punguza vidole 2, huo ndio urefu wa kalio la kiti. Pima kutoka nyuma ya goti mpaka kisigino, huo ndio kimo cha kiti, na chini kuwe na ubao nyayo zilale bapa. Pima upana wa nyonga, ongeza kidole kimoja kila upande. Kutoka benchi mpaka kiwiko kilichokunjwa ndipo pakae meza ndogo ya mbele. Kati ya magoti seremala asimamishe kigingi kifupi kilichoviringishwa sponji, na mkanda upite juu ya mapaja karibu na nyonga, usipite tumboni. Siku za kwanza dakika 15 zinatosha. Ukimtoa, mwangalie ngozi ya makalio na mgongo, na panapobaki pekundu kwa muda mrefu mrudishie seremala apunguze.